Ramani ya zamani ilivyotuonyesha kijiji chetu kilikuwa wapi kabla ya Operesheni Vijiji

Ukimuuliza kijana yeyote kijijini kwetu, huku wilaya ya Nachingwea, kijiji kilianza lini atakwambia kipo tangu enzi za mababu. Mi mwenyewe nimekua najua hivo. Sasa nilipoipata karatasi ya ramani ya 1:50,000 ya eneo letu, zile zilizochorwa kutokana na picha za ndege za miaka ya sitini, nikakitafuta kijiji wee sikukiona, mto upo, vilima vipo, barabara ya kwenda mjini ipo, lakini pale penye shule na zahanati na msikiti hivi sasa pamejaa alama za pori tu, na nyumba zenyewe, yaani vile vidoti vyeusi vidogo, ziko mbali huko zimetawanyika, nne hapa, sita kule, zimefuata vijito.

Sababu yake wazee wote wanaijua. Azimio la Arusha lilikuja 1967 na mwanzoni watu walihimizwa tu kuhamia vijiji vya ujamaa, ila Novemba 1973 Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri na mpaka mwisho wa 1976 kila mtu wa shamba awe ameshahamia, na huko kuhamisha watu ndo kukaitwa Operesheni Vijiji. Huku kusini kuna maeneo watu walianza kusogezwa mapema zaidi kwa sababu vita ya ukombozi wa Msumbiji ilikuwa inapiganwa ng'ambo tu ya Ruvuma na serikali ilitaka watu wakae pamoja. Basi watu wakatoka kwenye makazi yao ya vijitoni wakapangwa kando ya barabara kwa mistari, na hicho kijiji tunachokiita cha mababu ukikipigia hesabu umri wake ni wa mtu mzima mmoja tu. Watoto shuleni wanasoma Operesheni Vijiji kama habari ya nchi nzima, wanajibu mtihani vizuri kabisa, na hawajui kwamba nyumba wanayolala imekaa pale ilipo kwa sababu ya operesheni hiyohiyo.

Kilichonishika mimi kwenye hii kazi ya kutafuta makazi ya zamani kwa ramani ni kwamba ramani yenyewe haikupi historia, inakupa maswali ya kumpelekea mzee, na mzee ukimpelekea swali lenye mahali maalum anakumbuka vitu ambavyo ukimwambia "babu tuambie historia ya kijiji" hatavisema hata siku moja. Nilishawahi kuwauliza wazee historia kwa ule mtindo wa jumla na nikapewa yaleyale, tulitoka wapi, jumbe alikuwa nani, Mjerumani akaja, Mwingereza akaja. Ila nikiweka kidole kwenye doti moja na kuuliza hapa alikaa nani, hapo ndo mambo yanaanza.

Kuhusu ramani zenyewe. Nyingi za hizi 1:50,000 zilitengenezwa na Waingereza kupitia ile idara yao ya upimaji wa nchi za ng'ambo, Directorate of Overseas Surveys, iliyoanza 1946 kwa jina la Directorate of Colonial Surveys, wakishirikiana na Idara yetu ya Upimaji na Ramani. Ndege zilikuwa zinapita zinapiga picha zinazopandana, halafu mtu ofisini anaziangalia mbilimbili kwa kifaa kinachomfanya aone vilima vimeinuka, anachora kontua (ile mistari ya mwinuko inayobanana penye mlima mkali), njia, mito na nyumba. Kila karatasi ni mraba wa dakika 15 kwa dakika 15, yaani karibu kilomita 27 kila upande, na sentimita mbili za karatasi ni kilomita moja ardhini. Kwa skeli hiyo kibanda kimoja cha udongo kinaweza kuonekana kama doti, ndo maana kwa historia ya kijiji naipenda kuliko zile za 1:250,000 ambazo zinaonyesha majina makubwa tu.

Kabla hujaangalia katikati soma pambizo, tena soma kila neno. Kule chini kumeandikwa mwaka wa kuchapishwa na mwaka wa picha, na hivi ni vitu viwili tofauti, karatasi inaweza kuchapishwa miaka kadhaa baada ya ndege kupita, kwa hiyo ukisema "mwaka fulani nyumba zilikuwa hapa" taja mwaka wa picha. Angalia kontua kama ni za futi au mita. Angalia ufunguo wa alama, maana njia ya gari, njia ya miguu na mkuza uliokatwa porini vyote ni mistari na mtu mwenye haraka anaviona sawa. Mi nashauri hata ukipiga fotokopi usikate pambizo, nimekuta watu wana vipande vizuri vya ramani vya maeneo yao na hawajui ni vya mwaka gani kwa sababu aliyewapa alikata pembeni ili picha ikae vizuri.

Halafu kuna suala la GPS ya simu ambalo linawapotezea watu muda sana porini. Hizi ramani za zamani zimefungwa kwenye datamu, yaani msingi wa kupimia mahali duniani, inayoitwa Arc 1960 na simu yako inatumia nyingine, WGS84, na kwa hapa kwetu tofauti ya hizo mbili ni karibu mita 300. Mita 300 porini ni bonde jingine kabisa. Ukichukua namba za gridi kwenye ramani ukaziingiza kwenye simu kama zilivyo utasimama sehemu isiyo na kitu ukasema ramani ni ya uongo. Dawa yake ni kuiskani karatasi ikiwa imenyooka, siyo kuipiga picha kwa simu kwa kuinama maana pembe zinapinda, kisha unaiingiza kwenye QGIS ambayo ni programu ya ramani ya bure, unaiwekea alama pale mistari ya gridi inapokatana, na unaiambia programu kwamba hii ni Arc 1960 ya gridi ya UTM kanda ya 37 kusini, namba yake kwenye programu ni 21037. Baada ya hapo inasogeza yenyewe na unaweza kuilaza juu ya picha za satelaiti za sasa ukaona mto wa kwenye ramani umekaa juu ya mto wa leo. Ukiona hazikutani rudi uangalie alama zako kabla hujaanza kuilaumu ramani.

Sasa wazee. Tuliprinti kipande cha eneo letu kikubwa, tukakitandika kwenye mkeka chini ya mkorosho, na jambo la kwanza bibi mmoja alilofanya ni kuigeuza karatasi. Kaskazini haikuwa juu tena, juu kukawa upande ambao mto unatokea, kwa sababu yeye amekaa pale na mto anauona unatoka kule. Tukaiacha hivohivo. Toka siku hiyo huwa simuanzishii mtu na kaskazini, nauliza mto ni upi, tukishaupata tunaigeuza karatasi ilingane na nchi ilivyolala mbele yetu, halafu namwambia tembea, ukitoka nyumbani kwenu unaenda kuchota maji unapita wapi. Kidole kinaanza kutembea. Mtu ambaye hajawahi kushika ramani maishani anafuata njia ya vistari na anakwambia hapa palikuwa na mwinuko unachosha ukiwa na ndoo kichwani, unaangalia kontua pale na kweli zimebanana.

Huyo bibi ndo alinifundisha kuhusu madungu. Nilikuwa nimehesabu vidoti vya bonde moja na nikawa nimeshaona kwamba hapo palikuwa na kitongoji kikubwa, yeye akaviangalia akauliza hivi vya huku bondeni vimetengana sana, nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mjukuu wangu, hizo siyo nyumba. Hayo madungu. Kule tulikuwa tunalinda nguruwe na ngedere msimu wa mavuno, mvua zikiisha tunarudi juu." Ukiangalia tena unaona ni kweli, vile vya juu vimekaa kwa makundi na njia zote za miguu zinaingia pale, vya bondeni kimoja kimoja na njia hazifiki. Aliyechora kule ofisini aliona paa, na paa ni paa, hakuwa na namna ya kujua nani analala pale mwaka mzima na nani analala miezi mitatu.

Na yale makundi yenyewe, hapa ndo nilikaa siku nyingi zaidi. Sisi watu wa huku, Wamwera, Wayao, Wamakua, Wamakonde, ukoo unafuata mama, na zamani mwanaume akioa alikuwa anahamia kwa wakwe zake anajenga huko. Kwa hiyo kundi la vidoti sita kwenye ramani tulipolitaja jina kwa jina likawa ni bibi mmoja mkubwa, mabinti zake wanne, na mdogo wake. Kundi la jirani ni dada yake. Njia iliyonyooka kati ya makundi mawili ndo njia ya kwenda kwa mama mkubwa. Yaani ukoo mzima umechorwa pale na mtu ambaye hakujua kwamba anachora ukoo. Kisha operesheni ilipokuja watu wakapewa viwanja kwa mstari kwa jinsi walivyofika au walivyoandikwa, dada akawa kiwanja cha mwanzo, mwenzake mwisho wa barabara, katikati wamekaa watu wa vijito vingine ambao hamkuwa mnajuana sana. Wazee wanasema ugomvi mwingi wa miaka ile ya mwanzo, wa kuku, wa mbuzi, wa uchawi, ulikuwa wa majirani ambao hawakuchaguana. Kuna pia waliosema wazi kwamba walifurahi, shule ilikuwa karibu, dawa karibu, kina mama hawakuzalia njiani. Nayaandika yote mawili kwa sababu yote mawili niliambiwa, wakati mwingine na mtu mmoja.

Kitu kingine, waulize wanawake kuhusu maji na uwaulize wakiwa peke yao. Wazee wa kiume walinipa mipaka, majumbe, kesi za mashamba. Visima vya kiangazi hawavijui vizuri hivo. Kwenye ramani yetu kuna mahali njia kama tano za miguu zinakutana na hakuna alama yoyote, hakuna nyumba, hakuna jina. Wanaume walisema labda palikuwa na mnada. Kina mama wakacheka, ni kisima, kilikuwa hakikauki hata Oktoba, na kwa sababu kilikuwa chini ya miti mikubwa ndege haikuweza kukiona.

Kwenda kwenyewe kwenye mahame, yaani yale makazi yaliyoachwa, nenda mwisho wa kiangazi nyasi zikiwa zimeungua, na nenda na mtu aliyewahi kukaa pale kama bado ana miguu, au mtoto wake. Kitakachokuonyesha umefika ni miembe. Miembe mikubwa mizee haioti yenyewe katikati ya miombo, kuna mtu alikula embe akatupa kokwa nyuma ya nyumba. Udongo unakuwa mweusi kidogo kuliko wa pembeni. Unakuta vigae, unakuta jiwe la kusagia limepinduliwa. Sehemu moja tulikuta mafiga matatu yamekaa vilevile yalivyowekwa, yana masizi bado upande wa ndani, na mti umeota katikati yake umenenepa mpaka umeyasukuma. Mzee tuliyekuwa naye alizunguka akahesabu hatua kutoka kwenye mafiga, akasema hapa mlango, hapa ghala, hapa alizikwa mdogo wangu. Kaburi halipo kwenye ramani. Makaburi ya watu wa kawaida karibu yote hayapo, na sehemu za matambiko hazipo, na hizo ndo sehemu wazee wanazozitafuta kwanza.

Kuna mambo ya korosho pia na hili nilikuwa nalisoma kama takwimu tu mpaka nilipotembea. Msimu wa 1973/74 nchi ilivuna karibu tani 145,000 za korosho, na mwishoni mwa miaka ya themanini ilikuwa imeshuka chini ya tani 20,000. Wataalamu wanataja bei, wanataja ubwiri unga ambao ni ugonjwa kweli na uliua maua sana, na wanataja watu kuhamishwa mbali na mikorosho yao. Ukilaza ramani ya zamani juu ya ya sasa ukapima kutoka kwenye yale makundi ya nyumba mpaka kijiji kipya unapata kilomita nane, kumi, na mikorosho imebaki kule kwenye mahame. Kilomita kumi kwenda, kumi kurudi, na gunia kichwani. Mikorosho haipaliliwi, moto wa kiangazi unapita chini yake kila mwaka. Baadhi ya familia zilirudi kwa mikorosho yao baadaye, na leo ukiona vitongoji vipya vinaota mbali na barabara ukiviangalia kwenye karatasi ya zamani unakuta vimerudi kwenye vidoti vilevile.

Nachingwea tuna kitu kingine ambacho ramani inakionyesha vizuri, mradi wa karanga. Mji wenyewe ulijengwa kwa ajili yake, Waingereza baada ya vita kuu ya pili walikosa mafuta ya kula wakaja kufyeka pori kwa matrekta Kongwa, Urambo na hapa kwetu kuanzia 1947, wakajenga na reli kutoka upande wa Lindi mpaka Nachingwea iliyofunguliwa 1949, baadaye ikaunganishwa na bandari ya Mtwara. Mradi ulifutwa 1951 na hasara ya zaidi ya pauni milioni 30, na reli nayo ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini vyuma vikang'olewa. Sasa kwenye ramani unakuta mashamba ya pembe nne yaliyonyooka katikati ya nchi ambayo hakuna kitu kingine kilichonyooka, na mstari mrefu unaopinda taratibu sana bila kujali vilima, njia ya miguu haipindi hivo hata siku moja, inapinda hivo njia ya treni. Vijana wanaoendesha bodaboda juu ya tuta lake wanajua ni barabara tu. Na Farm 17, ambapo wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, chini ya Samora Machel walifanyia mazoezi, jina lake ukilisoma pamoja na yale mashamba ya kwenye ramani unaelewa kwa nini mahali pa jeshi paliitwa shamba.

Ukitaka kurudi nyuma zaidi kuna ramani za Wajerumani za 1:300,000 za Paul Sprigade na Max Moisel zilizochapishwa Berlin, skani zake zipo mtandaoni. Hizi zilichorwa zaidi kwa kufuata njia alizopita msafiri au afisa, kwa hiyo pembeni ya njia kumejaa maneno na mbali na njia ni peupe, na peupe pale ujue hapajapitwa, usidhani hapakuwa na watu. Faida yake ni majina ya majumbe, vijiji vingi vimeandikwa kwa jina la mkubwa aliyekuwepo, na mkubwa akihama au akifa kijiji kinahama na jina. Kwa upande wa baadaye kuna picha za satelaiti za kijasusi za Marekani, CORONA, za 1960 mpaka 1972, zilizofunguliwa kwa umma 1995, na picha za ndege zenyewe zilizotumika kuchora ramani zetu nyingi zimehifadhiwa Edinburgh. CORONA haikuonyeshi kibanda vizuri ila mashamba yaliyolimwa yanaonekana, na ukizipanga kwa miaka unaona jinsi nchi ilivyohama.

Jambo la kuwa nalo makini ni ardhi. Ukianza kuzunguka na ramani kubwa watu watadhani umekuja kupima, au kuna mwekezaji, au unatafuta ushahidi wa kesi. Sisi tulianza kwa mwenyekiti wa kijiji, tukaeleza mbele ya mkutano tunafanya nini, na tulikubaliana kwamba majina ya wenye mahame yanaandikwa kwenye daftari linalokaa kijijini, siyo mtandaoni. Alikuja mtu kuniomba nimwandikie kwamba doti fulani ni ya babu yake ili aende nayo kwenye baraza la kata, nikakataa. Ramani inaonyesha paa lilikuwepo siku ndege ilipopita. Nani alimruhusu nani kulima wapi hilo haionyeshi, na sitaki karatasi yangu iwe sababu ya ndugu kunyang'anyana shamba.

Sasa hivi daftari letu lina majina ya makazi ya vijito vitatu, na mwalimu wa jiografia wa sekondari ya kata ameanza kuwapeleka wanafunzi wa kidato cha tatu kwa bibi zao na kipande cha ramani kila mmoja, wanarudi na majina ambayo mimi sikuyapata kwa sababu mjukuu anaambiwa zaidi. Tumeshapata karatasi ya upande wa kaskazini kuelekea mto Mbwemkuru, ambako kuna makundi ya nyumba mengi ambayo hakuna mtu kwetu anayeyajua, watu wake walipelekwa kijiji kingine. Tunaanza na wazee wa kule mara tu wakimaliza kuvuna korosho.